Ngumu lakini haivumilii: Chuma na maneno yake katika nchi ya chai

WALIMU wa Kiswahili wanapofundisha homonimu hawakosi kulitaja neno 'chuma'. Likiwa nomino, limo katika ngeli ya KI-VI: chuma hiki, vyuma hivi. Likiwa kitenzi, lina matumizi mawili: kuchuma matunda au majani, na kuchuma mali. Kwingineko nchini mfano huu ni wa vitabuni tu. Lakini ukiteremka kutoka Londiani hadi Kericho, ukapita Litein na kuingia Bomet, unauona kwa macho. Huko watu huchuma chai ili wachume riziki, na siku hizi chuma chenyewe kimeingia shambani kuchuma. Mashine hizo zimezua uhasama mkubwa katika mashamba ya kampuni. Mei 2023 baadhi yake ziliteketezwa na waandamanaji katika kaunti ya Kericho.

Uhasama huo una wasemaji wake. Leo, mpenzi msomaji, nimevutwa na jambo jingine: maneno tunayotumia kueleza tabia za chuma, na historia ndefu iliyo nyuma yake katika eneo hili.

Kisa changu kilianzia katika kibanda cha jua kali. Nilikuwa nimeandamana na rafiki yangu mwalimu, ambaye shamba lake dogo la chai lilikuwa limefika mwaka wa kupogolewa. Alitaka kisu cha kupogolea. Fundi alimwonyesha vipande viwili vya chuma: kimoja kilikuwa cha tupa kuukuu, kingine cha springi ya lori. Mwalimu akachagua cha tupa kwa kuwa kilionekana kigumu zaidi. Fundi akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hiyo ni ngumu kuliko hii, lakini haivumilii."

"Ngumu na haivumilii? Hiyo inawezekana aje?"

Fundi hakujibu kwa maneno. Alikilaza kipande cha tupa ukingoni mwa fuawe, nusu ikiwa nje, akakipiga nyundo moja. Kilikatika kama biskuti. Akakiweka cha springi, akakipiga mara tatu. Kiliruka, kikalia, kikabaki kizima. "Umeona sasa? Ile hata ukiikwaruza na msumari haishiki alama. Lakini ikigonga kisiki cha chai siku moja, umebaki na mpini."

Njiani mwalimu aliniambia kuwa kwa miaka yote aliyofundisha, kwake 'ngumu', 'imara' na 'yenye nguvu' yalikuwa maneno ya kubadilishana ili insha isirudierudie. Fundi alikuwa ameyatenganisha kwa nyundo.

Moto na maji

Utengano huo haukuja na vyuo vya kiufundi. Wahunzi wa Wakipsigis, wanaoitwa kitongik (mmoja ni kitongindet), walifua mikuki na visu kabla ya reli wala majani chai kufika. Ng'otit, yaani mkuki, ukiwa laini hujikunja kwenye ngao. Ukiwa mgumu kupita kiasi hukatika ncha. Mhunzi alilazimika kutafuta mahali pa katikati. Ng'ambo ya pili ya Ziwa Viktoria, katika Kagera ya Tanzania, ustadi ulikuwa umefika mbali zaidi. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mababu wa Wahaya walitengeneza chuma chenye kaboni yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, katika matanuri ambayo hewa ya mvukuto ilipashwa joto kabla ya kuufikia moto.

Siri yote imo katika kaboni na jinsi inavyokaa ndani. Chuma kimeundwa kwa fuwele ndogondogo zisizoonekana kwa macho. Kikiwa na kaboni chini ya takriban asilimia 0.25, huwa laini: hupindika na kunyoshwa bila kulalamika. Kaboni ikizidi hapo, hadi kama asilimia 1.5, kinaweza kukazwa kwa moto na maji. Ikipita asilimia 2, tunapata chuma cha kusubu, kile kinachomiminwa katika kalibu. Hicho hubeba mzigo mzito kinapokandamizwa, lakini kikivutwa au kupigwa, hupasuka.

Na hayo maji ya mhunzi yana kazi gani? Chuma chenye kaboni ya kutosha kikipashwa moto hadi kiwe chekundu cha kung'aa, mpangilio wa ndani hubadilika na kaboni hupenya katikati ya fuwele. Kikichovywa majini ghafla, kaboni hukosa muda wa kutoka. Hunaswa humo na kuzibana fuwele zisiweze kuteleza. Matokeo yake ni ugumu mwingi na uvumilivu kidogo, kama ile tupa. Kwa hiyo mhunzi hukirudisha kwenye moto mdogo na kuitazama rangi ya uso wake ikigeuka kuwa manjano, kahawia, kisha buluu. Kila rangi ni ugumu uliopunguzwa kidogo ili uvumilivu uongezeke. Hakuwa na kipimajoto. Alikuwa na macho.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na udongo uwahi ungali maji. Tumezoea kuzifundisha methali hizi kama nasaha za malezi. Lakini kabla ya kuwa nasaha, zilikuwa maarifa kuhusu vitu: kwamba kitu kilekile huweza kukunjika leo na kuvunjika kesho, kulingana na hali iliyo ndani yake.

Senyenge, masango na feleji

Kiswahili chenyewe kilifika bara kikiwa kimejaa vyuma. Misafara ya karne ya 19 kutoka Mombasa na Pangani ilibeba shanga, vitambaa na waya. Wafanyabiashara hawakuuita waya wote jina moja. Waya wa chuma ulikuwa senyenge; nyaya nene za shaba za kutengenezea mapambo zilikuwa masango. Wanunuzi nao walijua walichotaka. Wahunzi wa Kichaga, kwa mfano, waliinunua senyenge nene wakaifua upya kuwa mikuki.

Pwani kulikuwa pia na upanga wa feleji, ulionyooka na wenye makali kuwili, na jina la feleji likawa sifa ya chuma bora. Tena kulikuwa na 'pua', ambayo haina uhusiano na pua ya kunusia. Ndiyo hiyo tunayoisikia katika 'chuma cha pua', yaani chuma kinachoweza kukazwa. Siku hizi wauzaji wengine wa sufuria hulitumia jina hilohilo kwa chuma kisichoshika kutu. Neno lililokuwa na maana moja wazi sasa linabeba mbili, na mnunuzi hajui anauziwa ipi.

Reli yapanda Mau

Chuma kwa wingi kiliingia nchi ya Wakipsigis kwa reli. Ujenzi ulioanza Mombasa mwaka 1896 ulifika Port Florence, ambayo ni Kisumu ya leo, Desemba 1901. Reli zake zilikuwa za chuma cha pua, zenye uzito wa karibu kilo 25 kwa kila mita. Miaka 50 kabla ya hapo jambo hilo lisingewezekana, kwa sababu chuma cha pua kilikuwa ghali mno, cha kutengenezea panga na visu. Ni mbinu ya Henry Bessemer, iliyotangazwa mwaka 1856, ambayo ilikifanya kiwe cha bei ya kutandazwa ardhini. Chini ya reli hizo yalilazwa mataruma. Tazama safari ya neno hilo: taruma ni ubao wa kuimarishia ubavu wa chombo cha baharini. Mabaharia walilipa jina la chombo chao lile gogo au bamba linaloishikilia reli, likapanda nalo mpaka Lumbwa, kituo ambacho leo tunakiita Kipkelion.

Sehemu ngumu zaidi ilikuwa mteremko wa magharibi wa Mau, kuelekea Fort Ternan na bonde la Nyando. Ilihitaji madaraja marefu ya chuma 27 kuvuka mabonde. Kazi hiyo ilipewa kampuni ya Marekani, American Bridge Company, iliyokubali kuifanya kwa muda mfupi kuliko viwanda vya Uingereza. Vyuma vilikatwa na kutobolewa matundu huko Marekani, vikasafirishwa kwa meli hadi Mombasa, kisha vikaunganishwa huku milimani.

Kwa nini chuma cha pua na si chuma cha kusubu, ambacho ni rahisi kukimimina? Uingereza ilikuwa imejifunza kwa machozi. Usiku wa Desemba 28, 1879, daraja la mto Tay huko Uskoti liliporomoka katika dhoruba likiwa na treni juu yake, na abiria wote wakaangamia. Uchunguzi ulionyesha kuwa miongoni mwa sehemu zilizoshindwa ni masikio ya chuma cha kusubu yaliyoshikilia vyuma vya kukazia nguzo. Yalikuwa magumu. Hayakuvumilia kuvutwa.

Somo la pili la reli lilikuwa kuhusu uchovu. Mei 1842, karibu na Versailles nchini Ufaransa, ekseli ya kichwa cha treni ilikatika na watu zaidi ya 50 wakafa kwa moto. Ekseli hiyo haikubebeshwa mzigo mkubwa siku hiyo kuliko siku nyingine. Baadaye mhandisi Mjerumani August Wöhler, aliyehudumia shirika la reli, alifanya majaribio ya miaka mingi akaonyesha kwamba chuma kinachopindwa huku na huku mara maelfu hukatika chini ya mzigo ambao kingeubeba vizuri kama kingepewa mara moja tu. Ufa mdogo huzaliwa, hutambaa kidogokidogo, kisha siku moja kinachobaki hakitoshi.

Fundi wa gari wa Kapsoit au Sotik hahitaji kuambiwa haya. "Springi imechoka," husema, na hasemi hivyo kwa mzaha.

Waliochagua vyuma

Sasa tufikie sura ambayo vitabu vingi vya kikoloni viliiandika kama habari ya wizi tu. Wanandi, ndugu wa Wakipsigis, walikata nyaya za simu kando ya reli na kufungua bolti zake. Hilo lilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa na serikali ilipotuma majeshi dhidi yao, hadi Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 19, 1905. Mwaka huohuo majeshi yalitumwa Sotik pia dhidi ya Wakipsigis. Hata Kamishna Charles Eliot, ambaye hakuwa rafiki wa Wanandi, alikiri katika kitabu chake cha mwaka 1905 kwamba Wazungu nao wangeiba kwenye reli zao kama nyaya zingekuwa mikufu ya lulu na reli zingekuwa bunduki za kuwindia.

Mzaha wa Eliot una ukweli, ila kuna jambo aliloliruka. Tazama watu hawa walivyochagua. Waya waliufanya mapambo, kwa kuwa unanyumbuka: huzungushwa mkononi na shingoni mara nyingi bila kukatika. Bolti waliifua kuwa silaha, kwa kuwa ni nene, inakubali nyundo ikiwa motoni, na inashika makali. Hawakupamba kwa bolti wala kufua mkuki kwa waya mwembamba. Mkono uliofungua bolti ile ulikuwa unajua tofauti kati ya unyumbufu na ugumu, hata kama hapakuwa na mtihani wa kuupima.

Linganisha na sisi. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma kuukuu baada ya milingoti na nyaya za umeme kuharibiwa; marufuku hiyo iliondolewa Mei mwaka huohuo. Mwizi wa leo huupeleka waya kwenye mizani. Pale mizani huuliza uzito tu. Unyumbufu, ugumu na uvumilivu wake havina bei.

Meno ya kiwanda

Kampuni ya Brooke Bond ilipoanza kupanda chai Kericho katikati ya miaka ya 1920, chuma kilipata kazi mpya. Mwaka 1930 huko Assam, India, William McKercher alibuni mashine inayoponda, kuchana na kuviringisha jani. Ni magurudumu mawili marefu yenye meno, yanayozunguka kwa kuelekeana, moja likienda kasi takriban mara 10 kuliko jingine. Chai nyingi ya Kenya leo hupitia meno hayo, iwe ni ya kampuni kubwa au ya wakulima wadogo waliowekwa chini ya KTDA tangu mwaka 1964.

Meno hayo hutengenezwa kwa chuma cha aina gani? Chuma cha kawaida hakifai. Chai ina tanini, na tanini ikikutana na chuma hutoa weusi kama wino, huku chuma chenyewe kikishika kutu. Jibu lilitoka Sheffield, ambako mwaka 1913 Harry Brearley alipata chuma chenye kromiamu nyingi kisichoshika kutu. Lakini kila sifa ina gharama yake. Chuma hicho cha kawaida cha kiwandani kinavumilia na hakiozi, ila si kigumu kama tupa, hivyo meno huliwa na majani. Ndiyo maana lazima yanolewe upya kila mara, la sivyo jani hupondeka badala ya kukatwa na chai hupoteza ubora. Kwa mkulima wa Mogogosiek, hiyo ni pesa ya bonasi.

Tunayo maneno

Wengine husema Kiswahili hakiwezi kufundishia uhandisi kwa kuwa hakina istilahi. TUKI ilijaribu kuziba pengo hilo katika Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990, na wanaleksikografia wengine wameendelea. Kwangu mimi, kwa mada hii ya vyuma, tatizo si uhaba. Tuna utajiri tulioutupa katika kapu moja.

Hesabu vitenzi vya kushindwa kwa kitu. Bati hubonyea. Kamba hukatika. Ubao hupasuka. Kikombe huvunjika. Ukingo wa tofali humeguka. Jani hupondeka. Nati hulegea. Shoka huchakaa. Springi huchoka. Kila kitenzi kinaeleza njia tofauti ya kuharibika, na mzungumzaji mzuri hawezi kusema kamba imemeguka. Mhandisi huanzia papo hapo: kabla ya kuuliza kitu kina nguvu kiasi gani, huuliza kitashindwa kwa njia gani.

Chukua unyumbufu. Kitenzi 'nyumbuka' hutuambia kitu kinavutika na kupindika, lakini hakituambii kama kinarejea. Mwaka 1678 Robert Hooke alieleza kwamba springi hurefuka kwa kadiri ya mzigo, ukiwa mara mbili nayo hurefuka mara mbili. Kanuni hiyo inafanya kazi ndani ya mpaka fulani tu. Ukiuvuka mpaka huo, chuma hakirudi kilikokuwa. Mafundi wetu wana maneno mawili mepesi kwa hali hizi mbili: inarudi na inabaki. Springi ikipinda inarudi. Nondo ya ujenzi ikipinda inabaki, na hilo ni jema, kwa maana nondo inayonyumbuka hutoa onyo: boti la nyumba hulegea na zege huonyesha nyufa watu wapate kutoka. Nondo isiyovumilia hukatika bila salamu.

Hapo ndipo ninapoona hatari ya kapu moja. Mteja anayejua neno 'ngumu' pekee ataomba nondo ngumu, jembe gumu, kisu kigumu, na muuzaji mjanja atampa ugumu usio na uvumilivu. Wanafunzi wa sekondari msingi sasa wanasoma somo la kiufundi ambamo mna mada ya vifaa na tabia zake, kwa Kiingereza. Wakirudi nyumbani Bureti au Chepalungu, fundi jirani ana maarifa yaleyale kwa Kiswahili na Kikipsigis, na hakuna anayewaambia kuwa ni maarifa yaleyale.

Napendekeza tuanze na maneno machache na tuyalinde. Ugumu uwe uwezo wa kukataa kukwaruzwa na kubonyea. Nguvu iwe mzigo ambao kitu hubeba kabla ya kushindwa. Unyumbufu uwe uwezo wa kuvutika na kupindika bila kukatika, tukitofautisha kinachorudi na kinachobaki. Uvumilivu uwe uwezo wa kupokea pigo bila kuvunjika. Uchovu uwe kuharibika kwa mizigo midogo inayorudiwarudiwa. Hakuna hata moja kati ya haya lililoazimwa juzi; yote yako midomoni mwa watu.

Wakusanyaji wa istilahi wanaofanya kazi zao Nairobi na Dar es Salaam wangetenga siku chache wakakae katika vibanda vya jua kali, wasikilize na kuandika. Rafiki yangu mwalimu ameshaanza. Kisu chake cha springi kimemaliza shamba lote bila kukatika, na katika somo lake la homonimu muhula huu, baada ya mfano wa 'chuma', aliwawekea wanafunzi mezani vipande viwili: nusu ya ile tupa, na mkato wa springi. Akawauliza ni kipi kigumu na ni kipi kinavumilia.